KIZURI CHAJIUZA? MBONA CHUMBA KILIKAA KITUPU MIEZI MITANO

Leo siongelei vitenge wala korosho. Leo tuongee kuhusu vyumba vya kupangisha. Najua wengi wetu humu tuna chumba kimoja au viwili vya uani, au tuna mzazi mwenye nyumba ya vyumba sita na simu ya kitochi, na sisi watoto ndio wenye simu janja. Wengine hatuna nyumba, ila tumepanga, na frem ya biashara tumepanga. Kwa hiyo somo hili linamgusa kila mtu.

Swali lenyewe ni hili: mwenye nyumba mdogo, asiye na kampuni wala ofisi, ajitangaze kama anavyojitangaza muuza viatu? Mimi nilijibu "ndiyo" haraka mno, nikaumia. Baba yangu amejibu "hapana" maisha yake yote, na yeye akaumia. Soma mpaka mwisho uone tulipokutana.

ILIVYOANZA

Baba ana vyumba sita hapa Nachingwea, si mbali na Chuo cha Ualimu. Alivijenga kidogo kidogo kwa hela ya korosho: msimu huu tofali, msimu ujao bati, msimu mwingine madirisha. Mwezi wa kwanza mwaka juzi wapangaji wawili waliondoka pamoja. Mmoja alihamishwa kikazi, mwingine alikuwa karani wa ghala, msimu ukaisha akarudi kwao. Februari ikapita, Machi ikapita, mpaka Juni vyumba viwili vimefungwa kufuli, popo wameanza kuzoea.

Kodi ilikuwa 40,000 kwa mwezi kwa kila chumba. Vyumba viwili, miezi mitano, hiyo ni 400,000. Kwa mtu mwingine ni hela ndogo. Kwa Baba hiyo ndiyo dawa yake ya presha na nauli ya kliniki Ndanda.

Nikamwambia, "Baba, niache nikutangazie mtandaoni, kama ninavyotangaza vitenge vyangu." Akanijibu bila hata kuniangalia: "Mwanangu, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nyumba haibebwi kichwani kama beseni la maandazi."

Sisi wauzaji tunaujua huo msemo, na tunajua una kasoro. Korosho yako iwe nyeupe kiasi gani, ikikaa kwenye gunia chumbani kwako mtu wa Arusha hataiota ndotoni akakupigia simu. Lakini nilipokaa na Baba nikamsikiliza, nikaona kuna jambo jingine chini ya ule msemo.

Baba amekulia kipindi cha Azimio la Arusha. Mwaka 1967 miiko ya uongozi ilikataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo, na majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yakachukuliwa na serikali. Masharti ya viongozi yalikuja kulegezwa Zanzibar mwaka 1991. Baba hakuwa kiongozi, na vyumba vyake havifikii hayo mambo. Lakini alikua akisikia kwamba mwenye nyumba ni mnyonyaji. Kwake yeye, kusimama hadharani na kusema "nina vyumba, njooni mnilipe" ni jambo la aibu. Ndiyo maana wazee wengi wana nyumba nzuri na hawana hata kibao cha "Chumba kinapangishwa". Wanangoja dalali apite.

Kwa hiyo ukitaka kumsaidia mzazi wako, usianze kwa kumcheka. Anza kwa kumwelewa.

KOSA LANGU

Baba akakubali shingo upande. Na mimi nikafanya kama ninavyofanya kwenye vitenge. Nikapiga picha saa nne asubuhi, jua limeingia vizuri dirishani, nikaongeza mwanga kidogo, nikaandika: "Chumba kizuri sana kinapangishwa Nachingwea mjini. Bei inbox." Nikaweka status, nikaweka kwenye magrupu matatu ya Facebook.

Jamani, simu haikupoa. Siku mbili nimepata meseji zaidi ya hamsini. Nikamwonyesha Baba, nikajiona bingwa. Waliokuja kuona chumba walikuwa kumi na mmoja. Waliopanga: sifuri.

Kwa nini? Wengine walikuwa na 20,000 mfukoni. Wengine walitaka chumba chenye choo ndani, na vya Baba choo kiko nje. Dada mmoja alipanda bodaboda kutoka Naipanga, akaja akaona choo, akaniambia maneno matatu tu: "Dada, ungesema tu." Nauli yake ilikwenda bure, na mimi nilijua kabisa kwamba nilificha kwa makusudi ili nipate meseji nyingi.

Lakini hilo halikuwa baya zaidi.

Wiki ya tatu, jioni, binti mmoja akashuka kwenye bodaboda mbele ya geti la Baba, ana mabegi mawili na ndoo. Ni mwalimu, ajira mpya, ndiyo kwanza amefika Nachingwea. Akamwamkia, "Shikamoo mzee. Mimi ndiye niliyelipia chumba." Baba akamjibu, "Marahaba mwanangu. Umelipia kwa nani?"

Akatoa simu. Picha ni zangu. Maneno ni yangu, mpaka lile "kizuri sana". Namba ya simu ndiyo haikuwa yangu. Kuna mtu alichukua tangazo langu, akaweka namba yake na bei yake, akamwambia binti wa watu atume 80,000 ya kushikilia chumba, miezi miwili. Ametuma. Kila akipiga sasa, haipatikani.

Baba akanipigia. Nilifika miguu inatetemeka. Nikaanza kujieleza, kwamba sisi hatujapokea hela, kwamba kosa si letu, kwamba angeuliza kwanza. Baba akanikatisha. "Picha ni ya nyumba yangu, na giza limeingia. Huyu mtoto atalala wapi?" Akampa ufunguo.

Asubuhi tulikwenda naye polisi kutoa taarifa, na ile namba ya tapeli tukaituma 15040. Hela yake haikurudi mpaka leo. Baba akamwambia mwezi wa kwanza asilipe, na baada ya hapo alipe mwezi kwa mwezi mpaka mshahara wake utulie.

Mimi nikamvuta Baba pembeni. "Baba, unapoteza 40,000." Akaniuliza, "Na kikikaa kitupu ninapata ngapi?"

Nilikosa jibu. Mimi mwenye daftari la mauzo, mwenye kujifanya najua hesabu za biashara, nikafundishwa hesabu na mzee asiyejua hata kufungua status.

TOFAUTI YA KITENGE NA CHUMBA

Hapo ndipo nilipokaa chini nikafikiri upya. Nikaona tofauti tatu.

Kwanza, kitenge ninacho doti mia, natafuta wateja mia. Chumba ni kimoja, natafuta mtu mmoja. Meseji hamsini kwenye vitenge ni baraka. Meseji hamsini kwenye chumba kimoja ni watu arobaini na tisa utakaowaambia "samahani".

Pili, mteja wa kitenge tukigombana, tunaachana hapohapo. Mpangaji anabaki uani kwako. Mtachota maji pamoja, mtasikia redio ya mwenzio, mtazikana.

Tatu, mteja wa kitenge anabeba kitu anakwenda nacho kwake. Mpangaji anakuja kukaa kwako na maisha yake yote. Akikosea kununua kitenge anapoteza hela kidogo. Akikosea chumba, anapoteza usingizi, na pengine kazi.

Kwa hiyo jibu langu sasa: ndiyo, mwenye nyumba ajitangaze. Lakini tangazo lake liwe kama chujio la nazi, lipitishe tui na kubakiza machicha. Haya ndiyo tuliyoyafanya, na ndiyo ninayokupa leo.

1. SEMA KASORO MWENYEWE, KABLA MTEJA HAJAIONA

Kile chumba cha pili nilikitangaza upya hivi:

"CHUMBA KIMOJA, NACHINGWEA MJINI, karibu na Chuo cha Ualimu. Kodi 40,000 kwa mwezi, kuanzia miezi mitatu. Choo na bafu viko nje, vinatumiwa na vyumba vinne. Maji ya bomba hayatoki kila siku, lipo tenki. LUKU mnachangia vyumba viwili. Geti linafungwa saa tano usiku. Mwenye nyumba anaishi hapohapo. Kuona chumba ni bure, na hatupokei hela kabla hujakiona."

Meseji zilikuja saba. Waliofika ni watatu. Mmoja akapanga siku ileile, muuguzi, na choo cha nje hakukiulizia kwa sababu alikuwa ameshakisoma. Saba tu, wakati mwanzo walikuwa hamsini. Ile "bei inbox" tunayoipenda inatuletea maswali mengi na wateja wachache. Jaribu hata kwenye bidhaa zako.

2. PIGA HESABU YA UKUTA MTUPU

Chumba cha 40,000 kwa mwaka ni 480,000. Kikikaa kitupu mwezi mmoja umepoteza 40,000. Ukimpunguzia mpangaji mzuri 3,000 kwa mwezi, kwa mwaka umepoteza 36,000. Yaani kupunguza 3,000 mwaka mzima ni nafuu kuliko kungoja mwezi mmoja. Wazee wengi wanang'ang'ania bei miezi minne, wanaona wamelinda heshima, kumbe wamekula 160,000.

Sisemi ushushe bei ovyo. Nasema andika hesabu kwenye karatasi kabla hujasema "sipunguzi hata mia".

Na kwenye malipo ya mkupuo, fikiria. Mwalimu mpya hana kodi ya miezi sita. Anayo mshahara. Ukimpokea mwezi kwa mwezi kwa maandishi, unaweza kumpata mtu wa miaka mitatu ambaye jirani yako amemfukuza getini.

3. TANGAZA KWA MSIMU

Sisi wa huku tunajua hela inatembea lini. Katikati ya mwaka ni minada ya ufuta. Kuanzia Oktoba ni korosho, na vyama vya msingi chini ya RUNALI vinakuwa na pilikapilika Ruangwa, Nachingwea na Liwale: makarani, wapagazi, madereva, wanunuzi. Kuna ajira mpya za walimu na wauguzi zinapotoka. Kuna wanachuo. Ruangwa nako madini ya kinywe yameleta watu wanaotafuta pa kulala.

Usingoje chumba kiwe kitupu ndipo utangaze. Mpangaji akikuambia anaondoka mwisho wa mwezi, muulize kwa adabu kama unaweza kuwaonyesha watu, halafu tangaza siku hiyohiyo. Na chagua unayemtaka: wa msimu anaweza kulipa vizuri akaondoka Januari, kama yule karani wetu. Wa kudumu analipa kawaida akabaki. Baba siku hizi chumba kimoja anakiacha cha msimu, vitano vya kudumu.

4. LINDA PICHA ZAKO

Andika jina na namba yako juu ya picha yenyewe, katikati, si pembeni mahali pa kukatwa. Weka lile neno "hatupokei hela kabla hujaona chumba" kila mara. Chumba kikipangwa, futa tangazo lako kila grupu. Tangazo la zamani ni shamba la tapeli, analima bila kupanda. Mimi sikufuta, na yule binti ndiye aliyelipa.

Ukiona namba ya utapeli, itume 15040, na toa taarifa polisi hata kama hela ni ndogo.

5. MPANGAJI SI BANGO

Kwenye vitenge tunapenda kuposti mteja akiwa amevaa, "asante mteja wangu". Nikafanya hivyohivyo kwa yule muuguzi, nikaposti chumba chake alivyokipamba, mapazia na kitanda, nikaandika "mpangaji wetu mpya". Alikuja usiku uleule, ana hasira lakini anajizuia. "Dada, kila mtu sasa anajua ninalala wapi, na dirisha langu ni lipi. Mimi natoka zamu usiku." Nilifuta palepale, nikaomba radhi.

Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Lakini hata bila sheria, fikiria tu kama ni binti yako. Piga picha chumba kikiwa kitupu. Kikishakuwa na mtu, si cha kwako tena kukionyesha.

6. SOKO LAKO LIKO UANI TAYARI

Yule mwalimu yuko mpaka leo. Chumba kingine kilipoachwa mwaka jana, alimleta mwalimu mwenzake kabla sijaandika chochote. Hakuna dalali, hakuna picha. Siwezi kukuahidi kwamba wema unalipa hivyo kila mara. Wapo tuliowahurumia wakaondoka usiku na kodi ya miezi miwili. Lakini nimeona kwamba mpangaji ndiye anayejua ukweli wa nyumba yako, na wenzake wanamuuliza yeye kabla ya kuamini tangazo lako.

Kwa hiyo fanya haya madogo:

Andika mkataba, hata wa ukurasa mmoja, kila mtu abaki na nakala. Toa risiti kila ukipokea hela.

Malizana nao kuhusu LUKU. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, na ile kodi ni ya mwenye jengo, si ya mpangaji. Mpangaji akinunua umeme akakuta imekatwa, anajiona ameibiwa. Baba sasa anawarudishia kwenye kodi ya chumba. Ni hela ndogo, lakini ugomvi wote wa uani uliisha.

Ukipangisha frem kwa mfanyabiashara, ongeeni mapema kuhusu kodi ya zuio ya asilimia 10 anayotakiwa kuikata kwenye pango na kuipeleka TRA. Isije ikawa siku ya kulipa ndipo mnaanza kubishana.

Bati likivuja, pokea simu siku hiyo. Hata kama fundi atakuja kesho, pokea leo.

7. TANGAZO HALIOTESHI KARANGA

Sisi watu wa Nachingwea hatuhitaji kwenda mbali kujifunza hili. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango mkubwa wa karanga hapa kwetu, Kongwa na Urambo. Ulitangazwa mpaka Ulaya, ukaletewa matrekta, ikajengwa reli kutoka Mtwara mpaka hapa. Ardhi na mvua havikusoma tangazo. Mwaka 1951 mpango ukafungwa, na miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Bado tunasema Stesheni, lakini treni hakuna.

Kwa hiyo kama choo kimejaa, kama kufuli la geti limekufa, kama kisima kiko karibu na shimo la choo, usije kwangu kuuliza uandike nini. Tengeneza kwanza. Tulitumia 65,000 kuweka bomba la tenki na taa ya uani kabla ya lile tangazo la pili, na ile taa ndiyo muuguzi aliyoitaja kwamba imemfanya apange.

TURUDI KWENYE MSEMO WA BABA

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi siubishii tena moja kwa moja. Nadhani Baba alikuwa na haki nusu. Nyumba yenyewe inaweza kujiuza, lakini kwa watu wanaoijua tu. Kazi ya tangazo ni kuwafikishia habari wasioijua, bila kuongeza chumvi. Ukiongeza chumvi, anayekuja kuonja ni mwenye njaa aliyetoka mbali na ndoo mkononi.

KAZI YA NYUMBANI WIKI HII

Kama una chumba au mzazi ana chumba: kaa naye, mwandike karatasi moja yenye bei, maji, choo, umeme, geti, na kasoro mbili za kweli. Hiyo karatasi ndiyo tangazo lako.

Kama unauza bidhaa: chukua posti yako moja yenye "bei inbox". Weka bei. Ongeza kasoro moja ya kweli ya bidhaa, kwa mfano "rangi ikifuliwa mara ya kwanza inatoka kidogo". Halafu hesabu mauzo ya wiki, usihesabu meseji.

Kama wewe ni mpangaji: usitume hela ya kushikilia chumba usichokiona. Hata kama picha ni nzuri. Hata kama anakuambia kuna mwingine njiani anakuja nacho.

Baba amesoma somo hili kabla sijaliposti, nimemsomea mimi. Amesema nimemsema sana, halafu akauliza kama kuna mtu anatafuta chumba, maana cha msimu kitakuwa wazi Februari.

Mpelekee somo hili mtu mwenye chumba kitupu.